Hewa inayopimwa na hewa inayotumikishwa: jibu kwa mwanafunzi wa urubani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Najifunza urubani kwenye ndege ndogo ya injini moja, ile ya vipimo vya mishale, si ya skrini. Mwalimu wangu ameniambia mambo mawili ambayo nimeshindwa kuyaunganisha. Kwanza, kwamba mrija wa Pitot ukiziba, kipima mwendo kinaweza kupanda wakati ndege inapanda, hata kama mwendo wenyewe unapungua. Pili, kwamba pampu ya vakyumu, ile inayofyonza hewa, ikifa nitapoteza vipimo viwili lakini kipima mwendo kitabaki kizima. Je, hivi vyote si vinatumia hewa ileile? Mirija yake haiungani? Na jingine: nimemwona mtu akipuliza mrija wa Pitot kwa mdomo ili ajue kama umeziba. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Hapana, haiungani. Nyuma ya paneli yako kuna mifumo miwili ya hewa isiyokutana popote, na mwalimu alikuwa anakupa habari ya kila mmoja kwa zamu. Wa kwanza unaipima hewa. Wa pili unaitumikisha. Katika ule wa kwanza hewa karibu haisafiri kabisa: mrija umejaa hewa, mwisho wake umefungwa ndani ya kipimo, na kinachofika huko ni mgandamizo tu. Katika wa pili hewa inapita mfululizo tangu injini inapowashwa mpaka inapozimwa. Inaingia upande huu, inazungusha gurudumu, inatokea upande ule. Ukilishika hilo, hitilafu nyingi utazikisia mwenyewe bila kukariri jedwali la kitabuni. Lile jedwali, kwa maoni yangu, limewaponza wengi: mtihani wanajibu vizuri, lakini angani mshale mmoja ukifanya vituko hawajui waanzie wapi.

Tuanze na hewa inayopimwa.

Vipimo vinavyoitegemea ni vitatu: kipima mwendo, altimita (kipima kimo), na kipima kupanda na kushuka. Vyote vinalishwa na milango miwili. Mmoja ni mrija wa Pitot, ule uliotokeza chini ya bawa na mdomo wake umeikabili hewa inayokuja. Jina ni la Henri Pitot, mhandisi Mfaransa aliyetumia mrija wa namna hiyo mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine. Mlango wa pili ni tundu la statiki, kijitundu kilichotobolewa mahali ambapo hewa inapita kwa kuambaa bila kugonga. Kwenye Cessna 172 litafute ubavuni, upande wa kushoto mbele. Kwenye ndege nyingi za Piper PA-28 milango yote miwili imewekwa kwenye kipande kimoja chini ya bawa la kushoto.

Mrija wa Pitot unapokea vitu viwili kwa mpigo: mgandamizo wa kawaida wa hewa ya mahali pale, na nyongeza inayotokana na ndege kuigonga hewa hiyo. Tundu la statiki linapokea ule wa kawaida peke yake. Kwa hiyo kipima mwendo hakipimi mwendo. Kinafanya hesabu ya kutoa. Ndani yake mna kapsuli ya bati jembamba sana, bapa na mviringo, iliyoungwa na mrija wa Pitot. Kasha linaloizunguka limezibwa kabisa na kuungwa na statiki. Mgandamizo wa kawaida uko ndani ya kapsuli na uko nje yake pia, kwa hiyo unajifuta. Inayobaki ni ile nyongeza. Kapsuli inavimba kidogo, na vijiti na gia ndogo kama za saa vinaugeuza uvimbe huo kuwa mzunguko wa mshale.

Ninaposema kidogo, nina maana kidogo kweli. Kwenye usawa wa bahari, mwendo wa noti 100 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) unaleta nyongeza ya hektopaskali 16 hivi (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo), wakati hewa yenyewe iliyotuzunguka ina wastani wa 1013. Ni asilimia moja na nusu hivi. Fundi akitaka kuuona mgandamizo huo mezani, anatumia mrija wa kioo wenye maji: noti 100 zinayainua maji kwa sentimita 16 na nusu, basi. Na kwa kuwa nyongeza inafuata mraba wa mwendo, noti 50 hazikupi nusu ya hapo. Zinakupa robo, hektopaskali 4. Noti 30 hazifikishi hata hektopaskali 2. Ndiyo maana wakati wa kukimbia kwenye barabara ya kurukia mshale hukaa kimya kwa muda, halafu unaamka. Na ndiyo maana mwalimu anakutaka utamke kwa sauti pale unapoamka. Huo ndio ukaguzi wa mwisho wa mfumo wa Pitot ukiwa bado una breki na barabara mbele yako.

Altimita haina haja na mrija wa Pitot. Ndani yake mna kapsuli kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimezibwa na kutolewa hewa kiwandani, na kasha limeungwa na statiki. Ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, kapsuli zinatanuka, mishale inasogea. Karibu na usawa wa bahari hektopaskali moja ni kama futi 27, kwa hiyo ukikosea kuweka namba ya mgandamizo kwenye kidirisha kwa hektopaskali 10 tu, umeshajidanganya futi 270. Kipima kupanda na kushuka nacho kinakula statiki peke yake: kapsuli inapata hewa ya statiki moja kwa moja, na kasha linaipata hewa hiyohiyo kupitia kipenyo chembamba kinachoichelewesha. Tofauti kati ya inayowahi na inayochelewa ndiyo inayosogeza mshale. Kwa sababu hiyo kinachukua sekunde 6 hadi 9 kabla ya kutulia na kusema kweli, na anayekifukuza hataipata ndege iliyotulia maishani mwake.

Sasa njoo kwenye kitendawili chako cha kwanza.

Mrija wa Pitot una mdomo mbele na kijitundu kidogo cha kutolea maji, ili mvua isijae ndani. Ukiziba mdomo peke yake, tuseme kwa barafu, hewa iliyobaki inavuja kupitia kijitundu mpaka inalingana na hewa ya nje. Mgandamizo wa ndani unakuwa sawa na wa statiki, hesabu ya kutoa inaleta sifuri, na mshale unaanguka. Hiyo ni hitilafu ya kiungwana, maana hakuna rubani atakayeamini kwamba ndege inayoruka ina mwendo wa sifuri.

Hatari inaanza mdomo na kijitundu vinapoziba vyote viwili. Hewa imenaswa ndani ya mrija, haiingii wala haitoki. Chukua kwamba umenaswa hivyo ukiwa futi 1,000, mshale kwenye noti 100. Ndani ya kapsuli mmebaki mgandamizo wa pale pale: hewa ya futi 1,000 pamoja na hektopaskali zako 16. Ongeza nguvu ya injini bila kupanda, mshale hautingishiki. Punguza, vilevile. Lakini ukipanda futi 500, statiki iliyo kwenye kasha inapungua kwa karibu hektopaskali 18, na kapsuli iliyonaswa haina habari. Tofauti iliyokuwa 16 sasa ni 34. Piga hesabu ya kipeuo cha pili, na mshale unakwambia noti 145. Futi mia tano tu! Shuka chini ya pale uliponaswa kwa futi 450 hivi, na unakwambia karibu sifuri. Kipima mwendo chako kimegeuka altimita, tena altimita yenye haraka kuliko ile halisi.

Tazama inavyomnasa mtu. Ndege inapanda, mshale unapanda nayo. Rubani anaona mwendo umezidi, anainua pua ili aupunguze. Ndege inapanda zaidi, mshale unazidi, anainua tena. Mwendo wa kweli, wakati huo wote, unakwisha. Mpaka mabawa yanapoacha kubeba, kipimo bado kinamwambia kwamba tatizo lake ni kasi kubwa. Kwa mpangilio huu ilianguka Boeing 757 ya Birgenair tarehe 6 Februari 1996 karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Kipima mwendo cha rubani mkuu kilikuwa hakifanyi kazi tangu kwenye barabara ya kurukia. Aliliona hilo na safari ikaendelea. Walipoanza kupanda kikaonekana kimepona. Kumbe hakikupona. Kilikuwa kinasoma kushuka kwa statiki. Wachunguzi walishuku nyigu wanaojenga kwa udongo, kwa kuwa ndege ilikuwa imeegeshwa kwa siku nyingi mirija yake ikiwa haijafunikwa.

Usidhani lazima iegeshwe siku nyingi. Mwaka 2013 Airbus A330 ililazimika kurudi Brisbane, Australia, baada ya nyigu kuziba mrija wa upande wa rubani mkuu, na ndege hiyo ilikuwa imekaa ardhini kama saa mbili. Nyigu jike anatafuta tundu la kutagia lenye upana unaomtosha mwili, na mdomo wa mrija wa Pitot ni kama umepimwa kwa ajili yake. Kile kifuniko chenye utepe mwekundu si pambo. Kiweke hata unapokwenda kunywa chai, na usiruke nacho.

Kwa upande wa barafu kuna hita ya mrija. Iwashe kabla ya kuingia kwenye wingu au mvua ya baridi, usingoje mshale uanze kuyumba, kwa sababu inachukua muda kuyeyusha kilichokwisha kuganda. Wakati wa ukaguzi wa kabla ya kuruka iguse kwa uangalifu na kwa haraka; ikishapata moto inaunguza kweli.

Statiki ikiziba, picha inageuka. Altimita inaganda palepale, kipima kupanda na kushuka kinasimama kwenye sifuri, na kipima mwendo kinaendelea kuchezacheza lakini kinadanganya kinyume cha ule mfano wa kwanza: juu ya mahali paliponaswa kinasoma pungufu, chini yake kinasoma zaidi. Hilo la pili ndilo la kuogopa, maana ni wakati wa kushuka kuja kutua: unaona mwendo wa kutosha, kumbe huna. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini usiku baada ya kuondoka Lima, na watu 70 wakapoteza maisha. Utepe wa kunatia uliobandikwa kwenye matundu ya statiki wakati wa kuosha ndege haukuwa umebanduliwa.

Kuna jambo katika ajali hiyo ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi. Marubani walimwomba mwongoza ndege awatajie kimo chao, na akawatajia. Lakini kimo anachokiona mwongoza ndege kwenye skrini kinatoka kwenye transponda ya ndege yenyewe, kifaa kinachoijibu rada, nayo inalishwa na statiki ileile iliyoziba. Alikuwa anawarudishia uongo wa kipimo chao. Kwenye ndege yako ndogo ni hivyohivyo: kisimbaji cha kimo, kinachoipa transponda namba ya kimo, kimeungwa kwenye mrija uleule wa altimita. Ukitaka shahidi wa pembeni, uliza mwendo wako juu ya ardhi unaopimwa na rada, au tazama GPS, ambayo haivuti hewa kutoka popote. Kumbuka tu kwamba GPS inakupa mwendo juu ya ardhi, na upepo lazima uuhesabu mwenyewe.

Ndege nyingi zina mlango wa akiba wa statiki, vali ndogo karibu na mkono wa nguvu ya injini au chini ya paneli. Ukiufungua, vipimo vinaanza kuvuta hewa ya ndani ya kabini. Hewa ya kabini kwa kawaida ina mgandamizo pungufu kidogo kuliko ya nje, kwa sababu upepo unaopita nje unaifyonza. Kwa hiyo altimita itasoma juu kidogo ya ukweli, kipima mwendo kitasoma kasi kidogo kuliko ukweli, na kipima kupanda kitaruka kwa muda kana kwamba umepanda. Kitabu cha ndege kina jedwali la masahihisho, na utaona linatenganisha madirisha yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, hita ikiwa imewashwa au imezimwa. Sababu ni hiyo hiyo: kila tundu la kabini linabadili hewa unayoipima.

Kama ndege haina mlango wa akiba, wazee wanasema vunja kioo cha kipima kupanda na kushuka. Ni ushauri wa kweli, na namna unavyofanya kazi ni ya kupendeza. Hewa ya kabini inaingia kwenye kasha lililovunjwa, inapita kile kipenyo chembamba kwa kurudi nyuma, na kuufikia mrija wa statiki unaolisha vipimo vingine. Vingine vinafufuka, kwa kuchelewa kidogo. Chenyewe kinaweza kusoma kinyume, kushuka wakati unapanda, kwa kuwa sasa kasha ndilo linalowahi na kapsuli ndiyo inayochelewa. Kinachaguliwa hicho kwa sababu ndicho unachoweza kuishi bila. Gonga kioo, usichome ndani.

Basi, hewa inayotumikishwa.

Upeo bandia (kipimo kinachoonyesha mkao wa ndege dhidi ya upeo wa macho) na kionyesha uelekeo, kwenye ndege kama yako, kila kimoja kina jairo ndani: gurudumu zito la chuma linalozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Umewahi kuona pia, kile kichezeo cha watoto cha kuzungushwa: kikizunguka kasi kinasimama wima na kukataa kulala, kikipoa kinaanza kuyumba. Jairo ni hivyo hivyo, ila limefungwa kwenye fremu zinazoiruhusu ndege kuinama pembeni yake huku lenyewe likishikilia mkao wake. Hapa hewa haipimwi. Kazi yake ni kulisukuma gurudumu.

Njia yake ni hii. Pampu imefungwa nyuma ya injini na inazungushwa na gia ya injini. Inafyonza hewa kutoka kwenye makasha ya vipimo hivyo viwili. Makasha yakishapungua hewa, hewa ya kabini inaingia kufidia: inapita kwanza kwenye chujio, halafu kwenye kijidomo chembamba kinachoirusha juu ya vikombe vidogo vilivyochongwa kwenye ukingo wa gurudumu. Kisha inatoka, inafuata mpira hadi kwenye pampu, na kutupwa nje. Katikati kuna regyuleta, vali yenye springi inayoruhusu hewa ya ziada kuingia pampu inapofyonza kupita kiasi. Geji ndogo pembeni ya paneli inakuonyesha mfyonzo. Kwa ndege nyingi ndogo inatakiwa kusoma kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki injini ikiwa kwenye mizunguko ya safari.

Linganisha na tulikotoka. Inchi 5 za zebaki ni karibu hektopaskali 170, mara kumi ya ile nyongeza inayokupa noti 100. Mifumo hii ingeungwa pamoja, kipima mwendo chako kingesukumwa mpaka zaidi ya noti 300 ndege ikiwa imeegeshwa, na kapsuli ingeharibika. Hapo unaona kwa nini mirija haiungani.

Ndege za zamani hazikuwa na pampu. Zilikuwa na venturi, bomba lililobanwa katikati na kufungwa ubavuni. Upepo ukipita kwenye kiuno chake unafyonza hewa kutoka kwenye vipimo. Ni kifaa kisichoharibika, ila hakifanyi kazi mpaka ndege iwe na mwendo, na kinaganda barafu siku ile hasa unayokihitaji. Pampu za mwanzo zilikuwa za kulowana, zikilainishwa na oili ya injini. Nzito, zinachafua tumbo la ndege, lakini zinadumu. Zilizotawala baadaye ni kavu: ndani mna vibapa vya kaboni vinavyoteleza kwenye mifereji ya kaboni na kujilainisha kwa vumbi lao wenyewe. Ni nyepesi na safi. Zinapokufa hazikuagi. Tone la oili likipenya, au kipande cha mpira mkuukuu kikifyonzwa ndani, kibapa kimoja kinavunjika, kinawavunja wenzake, na shafti yenye kiungo cha plastiki inakatika. Inakatika kwa makusudi, ili pampu iliyokwama isivunje gia za injini. Injini haitabadili hata mlio.

Hiki ndicho kifo ninachokiogopa kuliko kuziba kwa Pitot, nami nimeshughulika na vipimo vya aina zote mbili. Jairo halisimami papo hapo. Gurudumu zito lililokuwa likienda mizunguko maelfu linaendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa, likipoa polepole. Upeo bandia unaanza kuinama kwa digrii moja, mbili, tano. Ukiwa unaiona ardhi utacheka. Ukiwa ndani ya wingu, mkono wako utafuata: utainamisha ndege upande wa pili ili mstari ubaki sawa, na utakuwa umeingia kwenye kona inayozidi kukaza huku kipimo kikubwa cha katikati kikikuhakikishia uko sawa. Kama otopailoti yako, mtambo unaoiongoza ndege badala yako, inausoma upeo bandia huo, itafanya kosa hilo kwa niaba yako bila hata kusita. Na taarifa pekee iko kwenye geji ndogo pembeni, ambayo mara nyingi hakuna anayeitazama.

Ndani ya upeo bandia kuna jambo jingine linalostahili kujulikana. Jairo linahitaji kitu cha kulirudisha wima likipotoka, na kazi hiyo inafanywa na hewa ileile inayotoka. Inatoka kupitia nafasi nne chini ya nyumba ya gurudumu, kila moja imefunikwa nusu na kibapa kinachoning'inia. Jairo likiinama, kibapa kimoja kinafungua zaidi na cha upande wa pili kinafunga. Hewa inayotoka kwa nguvu zaidi upande mmoja inalisukuma mpaka lirudi. Ni ubunifu mzuri sana, lakini vibapa vinavyoning'inia havijui tofauti kati ya mvuto wa dunia na mvuto wa kuongeza kasi. Ndiyo sababu ukiongeza mwendo kwa nguvu wakati wa kuruka upeo unaonyesha pua iko juu kidogo kuliko ilivyo, na ukimaliza kona ya digrii 180 unakuta kosa la digrii chache linalojisahihisha lenyewe. Si ugonjwa. Kionyesha uelekeo nacho huhama taratibu hata kikiwa kizima. Kilinganishe na dira ya sumaku kila dakika 15, ndege ikiwa sawa na haiko kwenye kona.

Sasa utagundua kwa nini kipima kona kwenye paneli yako kinatumia umeme. Watengenezaji wamegawa riziki: vyenye kufa pamoja visiwe vyote. Vakyumu ikifa, umebaki na kipima kona cha umeme, dira ya sumaku isiyotegemea chochote, na vile vitatu vya hewa inayopimwa. Umeme ukifa, umebaki na upeo bandia. Baadhi ya ndege, kama Cessna 172 za matoleo ya R na S zenye vipimo vya mishale, zilipewa pampu mbili na taa ya kuonya.

Kwa hiyo vipimo vikianza kupingana, usiulize kwanza kipi kimeharibika. Uliza vinakula wapi. Altimita na kipima kupanda vimekufa pamoja na kipima mwendo hakieleweki: statiki. Kipima mwendo peke yake kinapingana na nguvu ya injini na mkao wa pua: Pitot. Upeo bandia na kionyesha uelekeo vinazunguka kwa pamoja huku kipima kona kikikataa: vakyumu, na geji itathibitisha. Katika hali ya pili, weka mkao wa pua na mizunguko ya injini unayoijua kwa safari ya kawaida, na mwendo wa kawaida utapatikana tu, kipimo kitake kisitake. Zikariri namba hizo za ndege yako. Hazizidi tatu au nne. Katika hali ya tatu, funika upeo bandia uliokufa kwa karatasi, kwa leso, kwa chochote. Jicho halina nidhamu ya kuupuuza mstari mkubwa uliopinda mbele yake.

Limebaki la kupuliza. Si sawa, na sasa una hesabu ya kujionea mwenyewe. Noti 100 ni sentimita 16 na nusu za maji. Pumzi ya mtu mzima akijikaza inaweza kupita hapo mara kadhaa, na kapsuli ile nyembamba ikishavutwa kupita kiasi haitarudi kwenye umbo lake. Utakuwa umepima kama mrija umeziba kwa kuharibu kipimo unachotaka kikwambie ukweli. Zaidi ya hapo, kama mna udongo wa nyigu umeusukuma ndani zaidi, kwenye mpinda wa mrija, mahali ambapo tochi haifiki.

Ukikagua na kuona kitu mdomoni, usikichokonoe kwa waya wala usiruke. Mwite fundi. Atatenganisha mrija nyuma ya paneli, kwenye kipimo chenyewe, ndipo apulize hewa kavu kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utokee ulikoingilia. Akimaliza kuunga ataupima kama unavuja. Kwa upande wa statiki, kipimo cha Marekani kwa ndege isiyo na kabini ya mgandamizo ni rahisi kukumbuka: anafyonza mpaka altimita isome futi 1,000 zaidi, anafunga, anatazama saa, na katika dakika moja haitakiwi kupoteza zaidi ya futi 100. Muombe usimame hapo utazame mshale ukishuka. Ukishaona unavyotulia kwenye mfumo mzima na unavyoteleza pale kiungo kimoja kinapolegezwa kwa robo mzunguko, utajua pia kwa nini hafungi paneli kabla hajaandika namba hiyo kwenye kitabu cha ndege na kutia saini.